Ukodishaji wa Kiwanda cha Nzoia: Jinsi Mali Ilivyotenganishwa na Madeni

Kampuni ya Sukari ya Nzoia ilianzishwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978, huko Bukembe, Kaunti ya Bungoma. Serikali ilimiliki karibu hisa zote. Sehemu ndogo ilikuwa ya Fives-Cail Babcock ya Ufaransa. Nyanda za chini za Bungoma ziliegemea miwa, na kwa maelfu ya familia Nzoia ndiyo iliyolipa karo.

Kuanguka kwake kulianzia mizanini. Muwa hukaa shambani takribani mwaka mmoja na nusu, lakini ukishakatwa sukari yake huanza kupotea, na baada ya siku mbili hasara huonekana. Mashine ikiharibika, matrekta hupanga foleni langoni, mzigo unakauka juani na uzito unapungua. Mkulima hulipwa kwa uzito, kwa hiyo hasara ya kiwanda humfikia yeye kwanza. Malipo yakichelewa miezi mingi, hapalilii wala hatii mbolea. Humuuzia mnunuzi mwingine, au hung'oa miwa apande mahindi. Kiwanda nacho kikikosa miwa hukosa fedha za matengenezo, mashine zinaharibika tena, na riba ya mikopo inazidi kupanda. Msaada wa serikali ulioingia katika mzunguko huo uliziba pengo la msimu mmoja tu.

Mabadiliko makubwa yalijaribiwa mwaka 2020, Wizara ya Kilimo ilipoalika wawekezaji wakodi viwanda 5 vya umma. Mpango ukakwama mahakamani. Baadaye kazi ilifanywa kwa hatua. Kwanza, serikali iliamua kuvifutia viwanda hivyo madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 100, kwa kuwa hakuna mwekezaji ambaye angeubeba mzigo huo. Pili, Sheria ya Sukari ya 2024 iliirudisha Bodi ya Sukari ya Kenya na ushuru wa kuendeleza zao hilo. Tatu, mwezi Mei 2025, viwanda 4 kati ya hivyo vilikodishwa kwa miaka 30: Nzoia kwa kampuni ya West Kenya, Chemelil kwa Kibos, Sony kwa Busia Sugar, na Muhoroni kwa West Valley.

Kiini cha mpango ni kutenganisha mambo yaliyokuwa yamefungwa pamoja. Ardhi na kiwanda vinabaki mali ya umma. Uendeshaji na gharama za kufufua mitambo ni za mwekezaji, anayelipa kodi ya pango. Malimbikizo ya wakulima na mishahara ya zamani yanabaki kwa serikali. Kwa njia hiyo, kila shilingi inayotokana na miwa mipya inaweza kurudi shambani badala ya kumezwa na deni la zamani.

Gharama yake ni nzito. Wafanyakazi walipoteza ajira walizozijua, wengi wakiwa bado wanadai mishahara ya miezi mingi. Pia West Kenya, yenye kiwanda Kabras, Kakamega, na kingine Naitiri, Bungoma, sasa inanunua miwa ya sehemu kubwa ya eneo hilo. Wanunuzi wakipungua, nguvu ya mkulima kudai bei nzuri hupungua. Hapo usimamizi wa Bodi unahitajika hasa. Wala kukodisha hakukuzi miwa: Julai 2025 Bodi ilisimamisha usagaji katika ukanda wa magharibi kwa sababu miwa michanga ilikuwa ikivunwa.

Hata hivyo, kuendelea kama zamani kungewaumiza zaidi wakulima na wafanyakazi haohao. Kipimo cha mpango huu ni muda unaopita kati ya panga kukata muwa na fedha kufika mkononi mwa mkulima. Muda huo ukifupika, miwa itapandwa. Na mwaka 2055, mkataba utakapoisha, umma utarudishiwa kiwanda kinachofanya kazi.