Programu ya DOS ndani ya Windows 11: kazi ilivyofanyika

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Ofisi nyingi zilichukulia jambo hilo kama gharama ya kununua mashine mpya. Lakini ofisi ambazo bado zinaendesha hesabu zake kwa programu za enzi ya DOS zina tatizo kubwa zaidi, kwa sababu Windows 10 ya biti 32 ndiyo ilikuwa ya mwisho kuweza kuziendesha programu hizo yenyewe. Windows 11 imetolewa kwa biti 64 tu. Ukibofya faili la EXE la mwaka 1994 inakujibu kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa.

Kazi ninayoichambua ilifanyika kwenye duka la jumla la vipuri vya magari jijini Dar es Salaam. Programu yao inatunza stoku, wadaiwa na ankara. Iliandikwa kwa Clipper miaka ya 1990, na aliyeiandika hapatikani tena. Mhasibu wa duka, mama wa makamo anayeijua programu hiyo kuliko mtu yeyote aliye hai, alituambia mapema anachotaka: “Mwanangu, mimi sihitaji rangi wala picha. Nikibonyeza F4 nipate salio la mteja, basi.” Sharti hilo lilitusaidia kuliko maelezo yoyote ya kiufundi. Kazi haikuwa kumtafutia mfumo mpya. Ilikuwa kuhakikisha kila kitu ambacho DOS iliipa programu hiyo kinaendelea kupatikana, ingawa DOS yenyewe haipo.

Ni vizuri kuelewa kwa nini inagoma. Prosesa ya Intel 80386, iliyotoka 1985, ilikuja na uwezo wa kujifanya prosesa ya zamani ya 8086 huku mfumo mkubwa ukiendelea na kazi zake. Kuanzia 1993 Windows NT iliutumia uwezo huo kupitia kijenzi kiitwacho NTVDM, na ndicho kilichozibeba programu za DOS kwa miaka yote hiyo. AMD ilipobuni usanifu wa biti 64, ulioingia sokoni 2003, iliuondoa uwezo huo pale prosesa inapoendeshwa na mfumo wa biti 64. Ndiyo maana kichupo cha utangamano unachokiona ukifungua sifa za faili hakisaidii hapa. Kinaweza kuidanganya programu kuhusu toleo la Windows, lakini hakiwezi kurudisha kitu ambacho prosesa yenyewe haitoi katika hali hiyo. Niliwahi kuona mafundi wakibadilisha mipangilio ya kichupo hicho asubuhi nzima, na inauma, kwa sababu jibu lilikuwa limeshatolewa na chuma chenyewe.

Kabla ya kugusa programu, tulizitoa data. Naliweka hili mbele ya yote. Nchini Tanzania sheria ya usimamizi wa kodi inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na kumbukumbu zilizofungiwa ndani ya programu isiyofunguka hazimsaidii mtu siku ya ukaguzi. Bahati nzuri, Clipper huhifadhi data katika mafaili ya DBF, muundo uliotoka kwa dBase ya Ashton-Tate, na sijui muundo mwingine wa hifadhidata uliowekwa wazi kwa unyoofu kama huu. Ukilifungua faili la wateja kwa kihariri cha baiti, baiti ya kwanza ni 03, au 83 kama kuna sehemu za maelezo marefu. Baiti tatu zinazofuata ni mwaka, mwezi na siku ya badiliko la mwisho. Nne zinazofuata ni idadi ya rekodi, kisha urefu wa kichwa cha faili na urefu wa rekodi moja. Baada ya hapo kila safu inaelezwa kwa baiti 32: jina, aina, upana. Zinazobaki ni rekodi zenyewe, maandishi matupu yaliyopangwa kwa upana ule ule, na kila rekodi inaanza na nafasi tupu, au nyota kama ilifutwa. Naam, ilifutwa lakini bado ipo. Haiondoki mpaka faili lisafishwe. Tuliwaona wadaiwa wa zamani wakiwa bado pale, na mhasibu akaomba orodha yao ichapwe kabla ya jambo lingine lolote.

LibreOffice Calc inafungua DBF moja kwa moja, kwa hiyo siku hiyo hiyo duka lilikuwa na nakala ya data zake zote katika majedwali ya kawaida. Hata kama kazi iliyobaki ingeshindikana, vitabu vilikuwa vimeokolewa.

Swali lililofuata kwa mwenye duka lilikuwa kuhusu mafaili ya PRG. Hayo ndiyo maandishi asilia ya programu ya Clipper. Yakiwepo, kuna kikusanyaji huria kiitwacho Harbour kinachoielewa lugha ya Clipper na kinaweza kutoa programu ya biti 64 inayosoma DBF na faharasa za NTX zile zile. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora kuliko zote. Hapa PRG hazikupatikana. Tulikuwa na EXE, data na faharasa tu.

Kwa hiyo tukaenda kwenye emuleta, programu inayoigiza kompyuta nzima ya DOS bila kutegemea uwezo ule uliopotea. DOSBox ndiyo maarufu, lakini waandishi wake waliilenga michezo, na uchapishaji haukuwa lengo lao. Kwa ofisi kuna DOSBox-X na vDosPlus, ambazo zinajali printa na ufungaji wa mafaili. Tulichagua DOSBox-X. Mashine pepe yenye DOS halisi nayo ingewezekana, na ni njia nzuri kama programu inadai kifaa cha leseni kwenye poti, ila kwa duka lenye wahudumu wanaobadilishana ni mzigo wa ziada usio na faida.

Programu ikawaka. Mistari ya buluu, menyu, kila kitu. Hapo ndipo wengi husema kazi imekwisha, wakati ndiyo kwanza inaanza.

Mhasibu alipobonyeza F4, skrini ilijibu hivi: DBFNTX/1001, Open error, WATEJA.DBF, DOS Error 4. Ujumbe huu unatisha, lakini sehemu muhimu ni ile namba ya mwisho tu. Kosa namba 2 maana yake faili halipo. Namba 5 ni ruhusa imekataliwa. Namba 32 ni mtu mwingine amelishika. Namba 4 ni mafaili yaliyofunguliwa yamezidi kiwango. Faili la wateja lilikuwepo na lilikuwa zima. Programu ilikuwa imeshafungua mafaili ya stoku, bei na faharasa zake, na nafasi zikaisha. Zamani aliyeandika programu alikuwa ameongeza idadi hiyo kwenye CONFIG.SYS na kuweka kigezo cha CLIPPER kwenye AUTOEXEC.BAT, na mipangilio hiyo miwili ilibaki kwenye mashine ya zamani wakati folda ya programu ilipohamishwa. Tuliikuta kwenye diski ya zamani, tukaiandika upya kwenye usanidi wa emuleta, na F4 ikaleta salio. Nasisitiza: mafaili hayo mawili ni sehemu ya programu, hata kama hayakai kwenye folda yake.

Uchapishaji ndio uliokula muda. Programu ya DOS haijui dereva wa printa. Inatuma baiti moja kwa moja kwenye LPT1, poti ya printa, ikiamini kwamba upande wa pili kuna printa ya Epson inayoelewa lugha ya ESC/P. Baiti 15 inaiambia printa ibane herufi ili safu 132 zienee pale zilipokuwa zinaenea 80. Baiti 18 inarudisha ukubwa wa kawaida. Baiti 12 inasukuma karatasi mpaka ukurasa unaofuata. Ukizipeleka baiti hizo kwenye printa ya leza ya bei nafuu, inayotegemea Windows iichoree kila ukurasa, hutapata chochote, au utapata alama za ajabu na mistari iliyokatwa katikati.

Duka lilihitaji vitu viwili tofauti. Ankara zinatoka kwa nakala za kaboni, na kwa hilo printa ya riboni haina mbadala, kwa sababu ndiyo inayogonga karatasi. Printa za riboni za sasa kama Epson LX-310 zina USB pamoja na poti ya zamani, na bado zinaelewa ESC/P. Kwa hiyo tuliiacha emuleta iandike baiti zile zile kwenye faili bila kuzitafsiri, kisha amri moja ya Windows ikalinakili faili kwenye printa iliyoshirikishwa kwa jina. Ankara ilitoka ikiwa imekaa ndani ya visanduku vilivyochapwa tayari kwenye karatasi, namba ya simu mahali pake, jumla mahali pake.

Ripoti za mwezi zilitakiwa kwenye leza. Huko emuleta inajifanya printa ya Epson, inazisoma baiti, inachora ukurasa na kuukabidhi kwa Windows. Ripoti ya kwanza ilionekana safi mpaka ukurasa wa pili, ambapo mistari miwili ya chini iliangukia ukurasa wa tatu, na kuanzia hapo kila kichwa cha ripoti kikasogea. Sababu ni hesabu nyepesi. Karatasi ya mkunjo ina urefu wa inchi 11, na kwa mistari 6 kila inchi inabeba mistari 66 kamili. A4 ni ndefu zaidi kidogo, lakini leza haichapi mpaka ukingoni, hivyo mistari inayobaki inaweza kuwa pungufu ya 66. Tuliweka ukurasa wa kuigiza wa inchi 11 na kuiacha Windows iubane kuingia kwenye A4. Herufi zilipungua kidogo sana na mistari yote ikabaki mahali pake.

Tarehe nazo zilitaka kuthibitishwa. DBF inatunza tarehe kwa tarakimu 8, mwaka mzima ukiwemo, lakini skrini ya programu hii inaonyesha mwaka kwa tarakimu 2. Clipper isipoambiwa vinginevyo inadhani tarakimu hizo ni za karne ya 20, na ankara ya 2025 inaingia kama ya 1925. Tuliandika 79 kwenye rekodi ya majaribio, tukaangalia ndani ya faili: 2079. Tukaandika 80: 1980. Mwandishi wa programu alikuwa ameweka mpaka kwenye mwaka 1980, na nilifurahi kukutana na mtu makini kupitia kazi yake. Jambo lingine jema ni kwamba majina ya wateja na bidhaa hayakuharibika hata kidogo. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, kwa hiyo maandishi yake yanavuka kutoka jedwali la herufi la DOS hadi la Windows bila kupoteza kitu.

Kufunga rekodi ndiko kulikonipa wasiwasi mkubwa zaidi. Duka lina mashine kadhaa zinazofungua folda moja ya data. Clipper inaifunga rekodi kwa kuiomba DOS. Emuleta lazima ipokee ombi hilo na kulifikisha kwa Windows, na Windows ilifikishe kwa mashine yenye folda. Jaribio ni moja: mfungue mteja yule yule kwenye mashine mbili na mjaribu kumhariri wote. Ya pili ikikubali, simamisha kazi, kwa sababu faharasa zitaharibika kimyakimya na salio litakuwa la uongo. Tulikuta kipengele cha kufunga mafaili hakijawashwa kwenye emuleta ya mashine moja. Kilipowashwa, mashine ya pili ikasema rekodi inatumika. Baadaye tulizijenga upya faharasa zote.

Seva ya zamani ilikuwa ya Windows XP, na mashine mpya hazikuiona. Tangu toleo la 1709 la mwaka 2017, Windows 10 na zilizoifuata haziweki tena zenyewe toleo la kwanza la SMB, itifaki ya kushirikisha mafaili. Kuna fundi aliyependekeza iwashwe. Nilikataa, na ningekataa tena: Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa duniani kupitia udhaifu wa itifaki hiyo hiyo. Data zilihamishiwa kwenye mojawapo ya mashine mpya.

Ofisi zenye programu za Windows za miaka ile, kama zilizoandikwa kwa Visual Basic 6, zina njia nyepesi zaidi kwa kuwa ni za biti 32 na Windows 11 inaziendesha. Zichunguzwe jambo moja. Programu iliyozoea kuandika data ndani ya Program Files inaelekezwa kimyakimya kwenye folda ya VirtualStore ya kila mtumiaji. Makarani wawili wenye akaunti mbili kwenye kompyuta moja watakuwa na vitabu viwili, na kila mmoja ataapa kwamba vyake ndivyo sahihi. Ihamishieni programu kwenye folda ya kawaida nje ya Program Files kabla hayo hayajatokea.

Kwenye duka, mfumo wa zamani na ule mpya iliendeshwa sambamba mpaka kufunga hesabu za mwezi. Mhasibu aliziweka ripoti mbili mezani, akapitisha rula mstari kwa mstari. Jumla zililingana. Kisha tukabana folda nzima, yaani emuleta, usanidi wake, EXE, data na faharasa, tukaifungua kwenye kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuwekewa kitu, tukachapa ankara moja. Ilitoka. Nakala hiyo sasa inatengenezwa kila jioni na kupelekwa nje ya duka, na PRG bado zinatafutwa.