Visanduku 16 na Gitaa la Sebene

Ukifungua FL Studio, programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, unakutana na umbo kabla hujasikia sauti. Mistari minne inakungoja: kiki, klapu, haiheti, snea. Mbele ya kila mstari kuna visanduku 16, vimepakwa rangi mbili kwa kupokezana, vinne vinne. Ukibonyeza kisanduku, ngoma inalia hapo. Ukikiacha, pana kimya. Kijana wa Kavimvira au Kalundu, hapa Uvira, mwenye kompyuta moja na maikrofoni moja huanzia hapa, sawa na mwenzake wa Bujumbura ng'ambo ya ziwa.

Umbo hili si geni kwetu kama linavyoonekana. Chukua klave, yale mapigo matano yanayoibeba rumba ya Kongo. Yaweke kwenye visanduku: cha 1, cha 4, cha 7, cha 11, cha 13. Yanakaa bila kusukumwa. Matatu ya kwanza yanaruka mipaka ya zile rangi, mawili ya mwisho yanatulia, na mvutano huo ndio unaomwinua mtu kwenye kiti. Anayedai kwamba kompyuta haiwezi rumba hajaitazama vizuri.

Shida inaanza wimbo unapofika kwenye sebene, ile sehemu ya kuchezesha watu. Hapo magitaa matatu husukana: la ridhimu linashika, mi-solo linajaza mianya, solo linapanda juu yao. Utamu wake umo katika tofauti ndogo sana. Noti moja inawahi, ya pili inaegemea nyuma, ya tatu inaguswa tu. Kisanduku hakijui kuwahi, na kila pigo linaingia kwa nguvu ileile hadi mtu alibadilishe kwa mkono. Programu ina swingi, ni kweli, lakini swingi huchelewesha visanduku vya shufwa (2, 4, 6 na kuendelea) vyote kwa kiasi kimoja, ilhali mpiga gitaa hachelewi kwa kiasi kimoja hata mara mbili. Ndiyo maana sebene nyingi zinazotengenezwa nyumbani kwa kompyuta ni safi na bado hazichezeki. Sipendi kusema hivyo juu ya kazi za vijana wetu, lakini sikio halidanganyi.

Tusiwalaumu kwa kuacha bendi. Magitaa matatu, ngoma, amplifaya na mafuta ya jenereta ni mzigo mkubwa. Laptopu yenye betri huendelea hata umeme ukikatika katikati ya kibwagizo.

Kwa ugumu huo wa visanduku, Dar es Salaam walipata jibu jingine. Wapishi wa biti za singeli, muziki wa mbio wa huko, wale wa studio ya Sisso ambao kazi zao zilikusanywa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala katika albamu ya Sounds of Sisso, hawakujaribu kuvificha visanduku. Walivikimbiza. Kwa kasi ya mapigo 140 kwa dakika, kisanduku kimoja huchukua takribani sehemu ya kumi ya sekunde, na sikio linakihesabu. Kwa 300 kinabaki sehemu ya ishirini, na visanduku vinaanza kuungana kuwa mngurumo mmoja. Ugumu wa mashine ukageuka kuwa mtindo. Naiheshimu sana njia hiyo, ila sebene haiwezi kuifuata: ukiikimbiza kiasi hicho, mazungumzo ya magitaa yanapotea.

Na ziko ngoma zinazohesabu 12, si 16. Ukizilazimisha kwenye visanduku 16 utazivunja mgongo. Programu inaruhusu kufupisha urefu wa mzunguko hadi 12, lakini wachache hubadilisha kile walichokikuta kimewekwa.

Basi ndugu zangu wa Uvira, anzeni na mtu. Mwiteni mpiga gitaa wa kanisani, mrekodini akipiga mi-solo bila biti yoyote sikioni, kisha visogezeni visanduku vimfuate yeye. Fanyeni hivyo kwa wimbo mmoja tu, halafu uchezwe kwenye harusi ya jirani.