Uhakiki wa Tafsiri: Si Mgawanyiko, Bali Mpangilio

Muhula huu tuliwapa wanafunzi wa kozi ya tafsiri matini ya sayansi kuhusu BL Lacertae, galaksi ambayo kiini chake hurusha mkondo mwembamba wa gesi kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Tunapenda kuhakiki neno moja tu katika kazi zao.

Takriban wote waliandika kwamba mawimbi ya redio kutoka katika mkondo huo "yamegawanyika". Chanzo cha kosa kinaeleweka. Wengi wetu katika nchi hii tumejifunza Kiswahili darasani, na kamusi ndiyo kimbilio letu la kwanza. Katika habari za siasa, neno la Kiingereza lililotumika humaanisha watu kugawanyika kambi mbili. Katika fizikia, maana yake ni karibu kinyume: mawimbi yanatetemeka katika mwelekeo mmoja.

Tuutazame mchakato wenyewe. Elektroni zinapoizunguka mistari ya uga wa sumaku hutoa mawimbi ya redio. Mistari ikiwa imevurugika, mitetemo huelekea kila upande. Wimbi la mshtuko linapopita mkondoni, huigandamiza gesi pamoja na mistari hiyo, mithili ya nyasi zilizojazwa ovyo sandukuni zinapokandamizwa kwa ubao: zote hulala. Hapo mitetemo nayo hulingana. Mwaka 1985, Philip Hughes, Hugh Aller na Margo Aller wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitumia hoja hii kueleza vipindi ambapo mng'ao wa redio wa BL Lacertae hupanda ghafla.

Kwa hiyo msomaji wa tafsiri zile angeamini kuwa mshtuko umeleta vurugu, ilhali umeleta mpangilio. Hoja nzima imepinduliwa na neno moja, na sarufi haina dosari. Hapa sisi walimu hatuna budi kujisaili: katika usahihishaji wa kwanza tulizipa tafsiri hizo alama za juu kwa kuwa upatanisho wa kisarufi ulikuwa safi.

Neno "mshtuko" hatuna ugomvi nalo, mradi maelezo yaoneshe kuwa ni mgandamizo wa ghafla, si hofu. Kwa lile jingine tunapendekeza "mawimbi yaliyolingana mtetemo". Mwenye istilahi bora zaidi na atuandikie. La msingi ni kwamba mfasiri aelewe kwanza jambo, ndipo atafute neno.