Mvuke Ukishaingia Mwilini

Dikloromethani ni kimiminika kinachobandua rangi kuukuu kwenye mbao, na kikiachwa wazi hugeuka mvuke upesi. Mwaka 1986 ilitoka ripoti Marekani kwamba panya wadogo wa maabara waliovutishwa mvuke huo, sehemu 2000 na 4000 katika kila sehemu milioni za hewa, walipata saratani ya ini na ya mapafu. Wenzao walionyweshwa kemikali hiyohiyo kwenye maji hawakuonyesha madhara hayo waziwazi. Fundi anayeuvuta kidogo kazini apimiwe kwa jaribio lipi?

Mwaka 1987 Melvin Andersen na wenzake walijibu kwa modeli ya kompyuta, na hadi leo naiona ni kazi ya ufundi wa hali ya juu. Waliugawa mwili: mapafu, ini, mafuta, misuli, na viungo vinavyopitiwa na damu nyingi. Kila sehemu ilipewa ukubwa wake halisi na damu yake halisi. Ini la binadamu, kwa mfano, hupata takriban robo ya damu inayosukumwa na moyo. Kemikali inayofika kwenye kiungo ama itoke, ama ibaki, ama igeuzwe. Hesabu isipofunga, modeli haifai.

Nambari hizo zina jasho. Kujua mafuta hufyonza kiasi gani, mtu husaga tishu, huitia kwenye kichupa kilichozibwa barabara, huingiza mvuke uliopimwa, kisha hukitikisa kichupa katika joto la mwili, nyuzi 37. Baadaye huvuta hewa ya juu kwa sindano na kuipima. Kilichopungua hewani kimeingia kwenye tishu. Hurudia hivyo kwa damu, kwa ini, kwa misuli. Bila uvumilivu huo, kompyuta haina la kusema.

Ndani ya ini kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya vimeng'enya vya P450, ambavyo huigeuza dikloromethani na kuacha kaboni monoksidi. Ya pili hupitia glutathioni, na huko huzaliwa molekuli kali zinazoweza kushambulia DNA. Njia ya kwanza hujaa kama kivuko asubuhi: mvuke ukiwa mwingi, unaobaki huelekea ya pili. Maji ya kunywa yalileta kemikali kidogokidogo, njia ya kwanza ikamudu sehemu kubwa.

Hapo ndipo ninapovutiwa zaidi. Modeli haikujengwa kwa kuhesabu saratani. Ilijengwa kwa mwendo wa kemikali mwilini. Hata hivyo, kiasi ilichokadiria kupita njia ya glutathioni kilikuwa kikubwa kwa panya waliovuta mvuke na kidogo kwa waliokunywa maji, na saratani nazo zilifuata mpangilio huohuo.

Kisha wakaja binadamu, ambao hawafanani. Wapo wasio na jeni la GSTT1, linalotengeneza kimeng'enya cha njia hiyo ya pili; wapo wenye nakala moja, wapo wenye mbili. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilipotoa tathmini yake mwaka 2011, lilitumia modeli iliyozibeba tofauti hizo badala ya kumkadiria mtu mmoja wa wastani. Makadirio yake ya hatari ya saratani likayaegemeza kwa wenye nakala mbili, kwa kuwa ndio walio hatarini zaidi.