Chuma cha Pemba: Kosa Lilianza Kabla ya Kidonge cha Kwanza

Kila mjadala wa chuma na malaria unapoibuka, jaribio la kisiwani Pemba, Zanzibar, hutajwa kama ushahidi kwamba chuma ni hatari kwa mtoto. Mimi nalisoma kama ushahidi wa uamuzi mbaya: maelfu ya watoto walipewa madini ya chuma bila mtu kujua kila mmoja ana akiba kiasi gani mwilini. Kibiokemia uamuzi huo haukuwa na utetezi mwaka 2002, na leo hauna.

Tukumbushane mpango ulivyokuwa. Watoto 24,076 wa miezi 1 hadi 35 waliingizwa, kutoka wilaya ya Mkoani hadi ya Micheweni. Kundi moja lilipata chuma na foliki, la pili chuma, foliki na zinki, la tatu plasebo. Dozi ilikuwa miligramu 12.5 za chuma na mikrogramu 50 za foliki kila siku, nusu yake kwa wasiotimiza mwaka. Waliopimwa chuma kabla ya kuanza ni 2,413 tu, wale wa utafiti mdogo uliowekwa pembeni. Waliobaki wote, zaidi ya elfu ishirini, waligawiwa gizani. Wapo waliokuwa na njaa ya chuma, wapo waliokuwa nacho cha kutosha, na kidonge kilikuwa kilekile.

Utetezi ninaousikia ni kwamba walifuata mwongozo wa kimataifa wa 1998, uliosema palipokithiri upungufu wa damu watoto wadogo wote wapewe chuma. Ni kweli walikuwa wakiupima mwongozo huo. Lakini mwongozo hauwezi kumzuia mtafiti kutoboa kidole. Kipimo cha ZPP (zinki protopofirini, ambayo hupanda chuma kinapopungua) kinataka tone moja la damu: linadondoshwa juu ya kioo chembamba, kioo kinaingizwa kwenye fluoromita, na namba inasomeka kabla mama hajamaliza kumfunga mtoto mbeleko. Mashine walikuwa nazo, watu wa kuzitumia walikuwa nao, na kikomo cha mikromoli 80 kwa kila moli ya hemu walikuwa wameshakiweka wenyewe. Kilichokosekana ni kuamini kwamba jibu la kipimo hicho lingebadilisha jibu la jaribio.

Na maabara zilikuwa zimeshasema. Falsiparamu, kimelea cha malaria kali, hula himoglobini ndani ya vakuoli yake na kuifungasha hemu kuwa hemozoini, lakini bado inahitaji chuma kwa kimeng'enya chake cha kutengeneza malighafi ya DNA. Desferioksamini, dawa inayonasa chuma, ikikikamata chuma hicho, ukuaji unakwama. Hayo yalionekana kwenye chupa za maabara mwaka 1982, miaka sita tu baada ya Trager na Jensen kupata njia ya kuotesha vimelea nje ya mwili. Kufikia 1992 dawa hiyohiyo ilikuwa imejaribiwa Zambia kwa watoto waliopoteza fahamu kwa malaria, na walizinduka mapema zaidi. Ikiwa kunyang'anya chuma kunambana kimelea, aliyepanga kumwongezea mtoto asiyekihitaji alitegemea nini?

Wakubwa wetu walifanya vizuri zaidi kwa vifaa vichache. Mwaka 1978 Murray na wenzake waliandika habari za wahamaji wa Kisomali waliopungukiwa chuma: vipindi 7 vya maambukizi kwa waliopata plasebo, 36 kwa waliopata chuma. Utafiti mdogo, wenye kasoro zake, ila ulitosha kumfanya mtu asite. Halafu Ifakara, 1997, watoto wachanga 832. Watafiti wa huko nao hawakuchuja kwa kipimo cha chuma, lakini waliiweka Deltaprimu, dawa ya kukinga malaria, ndani ya mpango wenyewe, kundi la chuma na kundi la kinga ya malaria yakipishana, kwa hiyo waliweza kuona kila kimoja kinafanya nini. Chuma kilipunguza upungufu mkali wa damu na hakikuongeza malaria. Kusini mwa Tanzania walikuwa wamelifikiria swali la kimelea miaka mitano kabla ya kidonge cha kwanza kutolewa Pemba.

Usimamizi wa jaribio lenyewe ulikuwa mzuri, na kamati ya usalama ilisimamisha makundi ya chuma tarehe 19 Agosti 2003 kama ilivyopaswa. Waliopewa chuma walikuwa na uwezekano zaidi kwa asilimia 12 wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali. Mwezi uliofuata Zanzibar ikaanza kutoa artesuneti na amodiakwini bure, baada ya klorokwini kushindwa waziwazi. Ina maana watoto wa Mkoani walimezeshwa chuma katika miezi ileile ambayo dawa ya zahanati ilikuwa haiwezi tena kumzuia kimelea kuifungasha hemu. Hili huwa linanikera kuliko asilimia zote, kwa sababu uamuzi wa kuiacha klorokwini ulikuwa umepita tangu 2001. Kusubiri dawa mpya ifike vituoni kulikuwa ni suala la ratiba.

Baadaye maabara ya Chapel Hill, North Carolina, ikatuonyesha mwaka 2014 kwa chembe halisi za damu: falsiparamu hukua kwa shida katika damu ya mtu aliyepungukiwa chuma, na akipewa chuma uboho humwaga chembe changa ambazo kimelea huzipenda. Kinga inayotokana na upungufu huo huondoka wakati tiba inapoanza kufanya kazi.

Shirika la Afya Duniani lilipobadili msimamo mwaka 2006 likasema mtoto apimwe kwanza kwenye maeneo ya malaria, bila kuvipa vituo kipimo cha kutumia. Mwaka 2016 likaruhusu tena, mradi kinga, vipimo na tiba ya malaria viwepo. Miaka kumi ya kuyumba, na chanzo chake ni namba ambayo haikukusanywa Pemba.

Nitaambiwa ZPP hupanda pia kwa maambukizi, na feritini, kipimo cha akiba ya chuma, ndiyo kabisa. Sawa. Lakini kipimo hicho chenye dosari ndicho kilichowatenga, ndani ya wale 2,413, watoto waliopungukiwa chuma na damu pamoja, na hao chuma kiliwapunguzia madhara. Walipokutwa na malaria kwenye vipimo walitibiwa pia, na mpango mkubwa haukuwa na nafasi hiyo.