Usianze na Majina: Kupima Tafsiri ya Kitabu cha Mashine ya Shamba

Mtu anayetaka kujua kama kitabu cha mashine ya shamba kimetafsiriwa vizuri kwa kawaida hukimbilia majina. Hufungua ukurasa wenye mchoro wa injini, akaangalia kama klachi imeitwa klachi au imepewa jina lililotungwa ofisini, kisha akatoa hukumu: huyu anajua Kiswahili, yule hajui. Kwa maoni yangu, hukumu nyingi hupotea hapo hapo. Majina ya vipuri ni sehemu nyepesi ya kazi hii, na mafundi walishaimaliza kitambo kabla mtafsiri hajashika kalamu. Ubora wenyewe umo kwenye vitenzi, kwenye vipimo na kwenye uzito wa maonyo. Kitabu chenye majina ya kupendeza na vitenzi vibovu kitakuharibia mashine, na pengine kitakukata kidole. Chenye majina ya kuazima na vitenzi sahihi kitakufikisha hadi mavuno.

Isiolo, nchini Kenya, ni mahali pazuri pa kulipimia dai hili. Ukipanda upande wa Timau unakutana na mashamba makubwa ya ngano yanayolimwa kwa trekta na kuvunwa kwa kombaini. Ukishuka na Ewaso Nyiro kuelekea Merti, au ukishika njia ya Kinna na Garba Tulla, kilimo ni cha kumwagilia maji, na mashine ya mkulima wa kawaida kando ya mto ni pampu ndogo ya petroli au dizeli. Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru hukutana kwenye Kiswahili, ilhali kwa wengi wao si lugha waliyonyonya. Kwa hiyo maagizo ya pampu husomwa na mmoja, akawaeleza wenzake kwa Kiborana au Kiturkana. Tafsiri ya hapa inatafsiriwa tena papo hapo, kwa mdomo, na mtu aliyeinama juu ya injini. Sentensi isiyohimili safari hiyo ya pili haifai, hata kama ni sanifu kiasi cha kumfurahisha mwalimu.

Tumalizane na majina kwanza. Kiswahili cha gereji kina trekta, plau, haro, gia, klachi, rejeta, plagi, pistoni, gasketi na spana, bega kwa bega na mkanda, kifuniko, bomba na mpini. Tanzania wameongeza pawatila kwa lile trekta ambalo mtu huliongoza kwa mikono akitembea nyuma yake. Tangu BAKITA, baraza lao la Kiswahili, lianzishwe mwaka 1967 kumekuwa na hamu ya kuipa kila sayansi istilahi zake, na hamu hiyo si mbaya, ila ina mipaka. Waturuki wanatuonyesha mipaka hiyo. Mwaka 1932, kwa juhudi za Atatürk, walianzisha chama cha lugha kilichopania kuondoa maneno ya kigeni. Leo kombaini kwao ni biçerdöver, yaani kinachokata na kupura, na ule mhimili wa nyuma ya trekta unaoendesha mashine nyingine ni kuyruk mili, mhimili wa mkia. Ni majina mazuri, yaliyotokana na kuitazama mashine yenyewe. Lakini klachi bado ni debriyaj, Kifaransa kitupu, na trekta ni traktör, wala wakulima wao hawajashindwa kulima kwa sababu hiyo. Jina likishatua mkononi mwa fundi na kwenye kaunta ya duka la spea, liache lilivyo.

Jina moja tu nalichunga kwa jicho kali, nalo ni mafuta. Kwetu petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, oili ni mafuta, hata ya kupikia ni mafuta. Kitabu kinachosema “angalia mafuta kabla ya kuwasha” hakijasema lolote. Kuna bomba la kupulizia dawa lenye injini ya mipigo miwili, ambalo oili yake huchanganywa na petroli kwenye tangi moja, na kuna pampu ya mipigo minne ambayo kila kimoja kina mahali pake. Anayemiliki zote mbili, akisoma “mafuta” kila mahali, siku moja atawasha pampu isiyo na oili au atachanganya pasipofaa. Tafsiri nzuri husema petroli, dizeli au oili kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na neno mafuta hailitumii kabisa.

Sasa vitenzi. Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni sentensi za klachi. Kiingereza cha vitabu hutaja klachi kwa kinachotokea ndani: sahani zimeshikana au zimeachana. Kiswahili cha dereva huitaja kwa kazi ya mguu: kanyaga klachi, achia klachi. Sahani zikiachana, mguu umekanyaga. Zikishikana, mguu umeachia. Mtafsiri aliyezoea kamusi kuliko trekta huona agizo la kuachanisha, akaandika “achia klachi”. Maana imegeuka kinyumenyume. Anayelitii agizo hilo trekta likiwa kwenye gia ataruka nalo ghafla, na aliyesimama kati ya trekta na trela ndiye atakayeumia. Hakuna neno hata moja gumu katika sentensi hiyo, na mkaguzi wa istilahi angeipitisha bila kusita.

Baada ya klachi, angalia jinsi kitabu kinavyoagiza kutoa kitu. Kiingereza kina kitenzi kimoja kikavu kwa kazi zote hizo, na tafsiri ya uvivu huandika “ondoa” mara mia. Kiswahili ni tajiri zaidi hapa, na fundi huutumia utajiri huo kila siku: nati hufunguliwa, waya huchomolewa, beringi iliyokaza hung'olewa, oili chafu humwagwa, hewa iliyonaswa kwenye njia ya dizeli hutolewa. Kila kitenzi kinamwambia msomaji ashike chombo gani na atumie nguvu kiasi gani. Akiambiwa “ng'oa” anajua nguvu inahitajika. Akiambiwa “chomoa” anajua akikazana sana atavunja kitu. Hiyo hewa ya kwenye dizeli ina mtego wake pia, kwa sababu Kiingereza huitolea mfano wa mtu anayetokwa na damu, na tafsiri za kompyuta zinaweza kutuletea injini inayovuja damu. Ukiona hivyo, kirudishe kitabu dukani.

Vipimo vina mitego midogo isiyopiga kelele. Injini nyingi ndogo za petroli hutaka oili ibadilishwe mara ya kwanza baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100. Kitabu kikiagiza chujio la hewa likaguliwe “baada ya saa nane”, msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuelewa kwamba akishapata chakula cha mchana aende akalikague. Maneno mawili yanatosha kuiponya sentensi hiyo: “saa nane za kazi”. Vivyo hivyo kwa nguvu ya kukaza. Kitabu cha asili kinatoa tarakimu, tafsiri inasema “kaza vizuri”, na “vizuri” ya kijana mwenye spana ndefu ndiyo inayokata bolti. Pale ambapo kipimo ni cha mkono, kisemwe kwa lugha ya mkono: kaza chujio la oili bila spana hadi raba iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au kiasi ambacho mtengenezaji ametaja.

Kwa pampu, ukurasa wa kufungua kabla ya yote ni ule wa kina na kimo. Kiingereza huita urefu wa kupandisha maji kwa neno lile lile la kichwa, na zipo tafsiri ambamo pampu inapewa “kichwa cha mita 30”. Mtafsiri anayejua kazi hutenganisha mambo mawili: maji yanavutwa kutoka chini kiasi gani, na yanasukumwa juu kiasi gani. Ni tofauti kubwa, maana pampu iliyo juu ya ukingo haivuti maji kwa nguvu zake. Ni uzito wa hewa unaoyasukuma kupanda bombani. Pwani uzito huo haupiti mita 10 na kitu hata kwa hesabu ya darasani, na kwa kazi halisi ni mita 7 au 8. Isiolo mjini ni zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, kwa hiyo unapoteza mita moja na ushei. Mto ukishuka wakati wa kiangazi, mkulima aliyesoma kwamba pampu yake ni ya “mita 30” ataiacha juu ya ukingo ikizunguka kavu hadi sili yake iungue, akidhani ameuziwa mbovu. Tafsiri ya kweli ingemwambia aishushe karibu na maji.

Maonyo yana ngazi, na ngazi hizo ni sehemu ya maana. Katika vitabu vya mashine kuna onyo la jambo litakaloua usipolikwepa, la linaloweza kuua, na la linaloweza kukuumiza kidogo. Kiswahili kina hatari, onyo na tahadhari, na yanatosha kabisa, ilimradi mtafsiri asiyachanganye kwa kuogopa kurudia neno. Mtindo wa shule wa kubadilisha maneno ili insha ipendeze ni sumu hapa. Vilevile, onyo zuri linaijua nguo ya msomaji. Ule mhimili wa nyuma ya trekta kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde moja. Kitabu kinakataza nguo zinazopwaya. Isiolo nguo inayopwaya ni kikoi, shuka, leso, buibui, na mtu aliyeivaa tangu utotoni haioni kama inapwaya. Ningempa alama za juu mtafsiri aliyezitaja kwa majina. Kuna watakaolalamika kwamba ameongeza kisichokuwemo. Lakini agizo la asili liliandikwa kwa msomaji wa suruali na fulana, naye akijua mara moja linamlenga. Kumfanya wa kikoi ajue vivyo hivyo ndiyo kulitafsiri agizo lote.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba majina ndiyo yanayonunua spea. Mtu akivunjikiwa na kipuri Merti, ataagiza kwa simu kutoka Isiolo au Nairobi, na akikosea jina ataletewa kisichoingia. Ni kweli, na tiba yake ni ndogo: jina moja kwa kipuri kimoja, lisibadilike, na namba ya kipuri ibaki kama ilivyo pembeni yake. Kazi hiyo ni ya uangalifu, haihitaji kipaji. Wapo pia wanaosema hakuna anayesoma vitabu hivi. Kwa vitabu vilivyopo siwalaumu wasiosoma. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi katika Kifungu cha 7, na Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili bidhaa imfae kikamilifu. Pampu inayouzwa Isiolo na karatasi ya Kiingereza peke yake inamdhulumu mnunuzi, awe na mazoea ya kusoma au la.

Ukiwa dukani na dakika chache tu, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la hitilafu mwishoni mwa kitabu. Hapo mtafsiri hana mapambo ya kujificha nyuma yake: dalili, sababu, la kufanya. “Injini inawaka lakini maji hayatoki” ni mtu anayejua mkulima husema nini akipiga simu kwa fundi. “Kushindwa kwa utoaji wa kimiminika” ni mtu aliyebadilisha neno kwa neno. Kisha soma safu ya mwisho na uone kama kila kisanduku kinaanza na kitenzi unachoweza kukitenda kwa mkono: jaza pampu maji, kaza kiungo cha bomba la kuvutia, safisha kichujio cha mdomoni, shusha pampu. Mahali palipoandikwa “rekebisha tatizo” au “hakikisha hali ni sawa”, mtafsiri hakuelewa, na hakuuliza.