Tisa Tatu na Dau la Sh1,200

Nunguni iko juu ya milima ya Kilungu, kaunti ya Makueni, na baridi ya Julai huko haina mchezo. Kwenye stegi ya bodaboda, kama kwingine kote Kenya, abiria wakiadimika karata hutoka mfukoni na watu wakacheza kadi. Sheria hupishana kidogo kutoka mtaa hadi mtaa, ila mifupa ni ileile. Mbili humlisha jirani karata mbili, tatu humlisha tatu, jokeri tano. Jeki humruka mtu, kingi hurudisha mchezo ulikotoka. Aliyebakiza zamu moja amalize hutangaza "niko kadi", na hapo ndipo jirani yake hutoa ile mbili aliyoificha tangu mwanzo. Meza nzima hucheka, isipokuwa mmoja.

Kicheko hicho humfunza mchezaji jambo moja: ukipata karata kali, ifiche. Ni funzo linalofaa stegini. Mtu akilibeba hadi kwenye meza ya poka kasinoni Nairobi, litamgharimu.

Katika poka ya Texas, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano huwekwa wazi katikati: tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Kila hatua ina nafasi ya kuweka dau, kupandisha, kufuata au kutupa karata. Mwenye mkono mkali ana njia mbili. Aweke fedha mwenyewe mapema, au ajifanye mnyonge na kumwachia mwenzake aweke.

Njia ya pili ina mfano maarufu kuliko mingine yote. Mwaka 1988, Las Vegas, mashindano ya World Series of Poker yalikuwa yamebakiza watu wawili. Johnny Chan, bingwa wa mwaka uliotangulia, alikuwa na jeki na tisa. Erik Seidel alikuwa na kwini na saba. Mezani zikaanguka kwini, nane na kumi. Seidel akaona jozi ya kwini, tena jozi kubwa kuliko yoyote ambayo meza ile ingeweza kutoa. Chan tayari alikuwa na mfululizo kamili, nane hadi kwini. Akatulia kama mtu asiye na lolote. Karata mbili za mwisho hazikubadilisha kitu, Seidel akasukuma kila alichokuwa nacho, Chan akafuata. Bingwa aliondoka na dola 700,000, mwenzake na dola 280,000. Miaka kumi baadaye filamu ya Rounders iliionyesha mikono hiyo kwa watu ambao hawakuwahi kugusa karata, na tangu hapo kila mgeni wa poka anataka kuwa Chan.

Tatizo ni kwamba wanaiga utulivu wake bila kutazama mazingira. Chan alikuwa na mpinzani mmoja tu. Mpinzani huyo alikuwa mkali, mwenye uwezo wa kuweka fedha bila kuombwa. Na karata zilizokuja baadaye zilikuwa na nafasi finyu mno ya kumwokoa Seidel, kwa hiyo kusubiri hakukuwa na hatari ya maana. Meza ya dau dogo hukosa yote matatu. Wamekaa watu wanane au tisa, wanne wao wataingia karibu kila mkono, na wengi hufuata dau zaidi ya wanavyopandisha. Anayemsubiri mtu wa namna hiyo amfanyie kazi ya kuweka fedha atasubiri sana.

Tuichukue meza ya dau za lazima za Sh50 na Sh100, mfano wa kubuni lakini wa kawaida. Mchezaji ana tisa mbili mkononi. Amepandisha hadi Sh400, watatu wamemfuata, mezani kuna Sh1,600. Zinafunguliwa tisa ya kopa, nne ya kopa na kingi ya uru. Sasa ana tisa tatu, na ni vigumu kuota kitu bora zaidi. Lakini mmoja wa waliofuata ameshika kopa mbili, na akipata moja zaidi atakuwa na kopa tano, mkono unaozipiga tisa tatu.

Mwenye funzo la stegini atapita bila kuweka kitu, au ataweka Sh400 "asiwafukuze". Hebu tupige hesabu. Kopa zilizobaki ni tisa. Moja kati yake, kingi ya kopa, haimfai mwindaji wa kopa, maana inaongeza kingi ya pili mezani na kumpa mwenye tisa mkono wa tatu kwa mbili, ulio mkubwa kuliko kopa tano. Zinabaki nane zinazomfaa kati ya karata 45 ambazo wawili hao hawajaziona, yaani karibu asilimia 18. Tuseme wengine wawili wametupa. Kwa dau la Sh400, analipa Sh400 kugombea Sh2,000, na kufuata kunamlipa akishinda mara moja kati ya sita. Nafasi yake ni bora kuliko hiyo. Ukizidisha na kutoa, ukiiacha kando karata ya tano, kila akifuata anapata faida ya wastani wa Sh27, na hapo hatujahesabu atakachokamua baadaye kopa ikianguka. Mwenye tisa tatu amemlipa mtu ili amwinde.

Dau la Sh1,200 linageuza mambo. Mwindaji analipa Sh1,200 kugombea Sh2,800, na anahitaji nafasi ya asilimia 30 wakati anayo 18. Kila akifuata anapoteza wastani wa Sh489. Ili arudishe hasara hiyo, kopa ikija lazima amtoe mwenye tisa Sh2,750 nyingine, na mwenye tisa akiwa na macho hatamlipa. Kupita bure ndiko kubaya kuliko yote: mwindaji anapewa karata bila kutoa hata senti.

Swali la kawaida hapa ni: je, wote wakitupa? Basi amechukua Sh1,600, si msiba. Ila kwenye dau dogo si wote watakaotupa. Mwenye kingi atafuata kwa sababu ana kingi. Mwenye kopa atafuata kwa sababu amekuja kucheza, na safari ya Mombasa Road hadi mjini ameshailipia. Udhaifu mkubwa wa meza hizi ni kufuata kupita kiasi, na dawa yake ni dau kubwa linapokuwa na mkono mkali nyuma yake.

Eisi mbili zina hesabu yao. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban asilimia 85 ya mara. Dhidi ya watano, hushuka hadi karibu nusu. Hakuna karata iliyobadilika, wameongezeka watu tu. Ndiyo maana anayezipata huku watatu wameshaingia kwa Sh100 hana sababu ya kupandisha hadi Sh200. Sh700 au Sh800 ndiyo bei ya meza hiyo.

Kupandisha nako kuna mwisho. Mwaka 2017, kwenye mashindano hayohayo ya Las Vegas, Vanessa Selbst, mwenye bangili tatu za ubingwa, alitoka mapema siku yake ya kwanza akiwa na eisi tatu na saba mbili. Gaëlle Baumann alikuwa na saba zote nne. Kwa mkono ule Selbst alikuwa na hofu moja tu, saba mbili mkononi mwa mwenzake, na ndizo zilizokuwapo. Kumlaumu ni vigumu. Mwenye tisa tatu yuko mahali tofauti: kopa ya tatu ikianguka, naye mtu aliyefuata kimya usiku kucha akapandisha ghafla karata ya mwisho, mikono inayomshinda ni mingi. Watu wa aina hiyo hawatishi bure. Hapo kutupa tisa tatu ni uamuzi sahihi, hata kama unauma.

Na kadi yenyewe, ikichezwa vizuri, ina kanuni ambayo wafichaji husahau: sehemu nyingi hairuhusiwi kumaliza kwa mbili, tatu wala jokeri. Aliyezirundika hadi mwisho hukwama nazo mkononi huku mwingine akitangaza. Mchezaji wa Kilungu atakayeketi kucheza poka wiki ijayo aichukue kanuni hiyo, aache ile ya kicheko, na tisa tatu zikimjia kwenye Sh1,600 aweke Sh1,200 palepale.